Mboji ya Bwana Luhende

Walitualika sisi wastaafu wa kilimo tukutane Nachingwea, katika ukumbi uleule wa zamani ambao dari lake lilishaanza kuanguka tangu enzi zile mimi bado nina kiuno. Nikaenda. Sijui nilifuata nini. Labda nilitaka kuona nani amezeeka kuliko mimi. Tulipewa fulana za njano zenye maandishi kifuani, zote saizi ya mtu mnene, na kofia juu yake, kama vile tumekuja kumpokea mgombea. Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki, tukanyweshwa soda ya moto, na vijana waliovaa suruali za kubana wakazunguka na simu zao wakitupiga picha bila kutuomba. Kisha mshereheshaji, kijana mwenye sauti ya mnadani, akasema sasa tumkaribishe jembe letu, simba wa mnyauko, mtu aliyeukomboa ufuta wa Nachingwea na Ruangwa. Nikageuza shingo nimwone huyo simba. Akainuka Bwana Luhende.

Kumbe yu hai! Mimi moyoni nilishamzika zamani, na sikumwekea hata jiwe. Miguu imekuwa vijiti, lakini tumbo halijaondoka mahali pake, na ile kalamu ya mfukoni mwa shati, ambayo sikuwahi kumwona akiandikia, bado ilikuwepo. Akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika paja la kuku. "Kimsingi," akasema, na mimi nikafumba macho, kwa sababu mtu yule alikuwa hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na kimsingi, "kimsingi sisi tulianza na mboji." Ukumbi ukapiga makofi. Mama aliyekaa kando yangu, mtu wa mifugo, akanigusa kwa kiwiko. "Piga makofi basi, Asteria. Mzee wa watu." Nikamwambia mikono inaniuma. Na kweli iliniuma, iliwasha kwa hasira. Mtu amesimama mbele za watu anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na watu wazima waliokula chumvi nyingi wanashangilia. Basi habari ya hiyo mboji nitaieleza mimi, maana nilikuwepo, na aliyeibeba hasara yake hakuitwa kupewa fulana.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, cheti nimekitia kwenye mfuko wa nailoni kisije kikalowa, na kiburi changu nimekiacha wazi kila mtu akione. Nikapangiwa Ruponda, chini ya mradi mmoja wa wafadhili ambao sitautaja jina, haustahili hata hiyo heshima. Mradi ulikuja kupambana na mnyauko wa ufuta. Ugonjwa wenyewe hauna mambo mengi. Ni ukungu unaokaa udongoni, fangasi kama wanavyosema siku hizi. Unaingia mizizini, unapanda ndani ya shina na kuziba njia za maji, na ufuta ulioamka vizuri leo unalegea majani ya upande mmoja, kesho upande wa pili, kisha unasimama mkavu, mweusi, huku wenzake wanatoa maua. Ukilipasua shina kwa kisu unakuta mstari wa kahawia umepanda kutoka mzizini. Dawa ya maana ya kupuliza haipo. Kinachosaidia ni mambo ya kawaida kabisa: mbegu safi, kung'oa na kuchoma ulioumwa, kutorudisha mabua yake shambani, kukung'uta udongo kwenye jembe kabla hujaenda kwa jirani, na kuupumzisha udongo na ufuta kwa misimu kadhaa, upande mtama au mahindi, mpaka ukungu upungue kwa kukosa chakula. Hayo yote yanaenea kwenye ubao mmoja wa darasa la nne. Lakini huwezi kuombea magari mapya kwa maneno yanayoenea ubao mmoja, kwa hiyo ikabidi yatafutwe mengine.

Nilipewa chumba kwa Somoe. Nyumba ya udongo, paa la nyasi, vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa kuta ambazo aliyezijenga alichoka kabla ya kufika juu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha tatu anasema pole. Kitanda changu kilikuwa cha kamba, na dirisha lilikuwa tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na mbuzi kweli alikuwa akikipitisha. Asubuhi tulikula ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kwa chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu kilichotiwa karanga hadi kikawa kizito kama uji. Siku ya kwanza niliing'ang'ania ming'oko ile kwa meno Somoe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada shamba, hiyo haitafunwi kama muwa! Menya kwanza. Ndiyo chuoni walikufundisha hivyo?" Alikuwa amenizidi umri kidogo, mrefu, mwenye mdomo. Mumewe alimwacha akaenda kuoa Mbwemkuru, na Somoe alisema huyo mwanamke wa Mbwemkuru akimwona atampa kuku wa shukrani. Nilimpenda mara moja. Katika mwaka ule wote nilikutana na watu wengi waliojaa vyeo, na sikumpata mwingine wa kumpenda.

Shamba la Somoe lilikuwa kando ya barabara, limeteremka taratibu mpaka bondeni, udongo mweusi mzuri uliokuwa umelimwa mtama na kunde tu kwa miaka mingi. Kwa mila ya pale ardhi inapita upande wa mama: lilikuwa la bibi yake, kisha la mama yake, na mama yake alipofariki likabaki mikononi mwa mjomba, Mzee Chitanda, alilinde kwa ajili ya mpwa wake. Mzee Chitanda alilinda kweli. Mila ilipompa madaraka ya shamba aliikumbuka vizuri. Ilipomtaka amkabidhi Somoe, akakumbuka dini, akasema mrithi ni mtoto wa kiume, na yeye anaye Rajabu. Rajabu huyo alikuwa kijana wa miwani ya jua na redio begani, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameshika jembe isipokuwa alisogeze apate pa kukaa. Na ujue kwamba kule kwetu kusini shamba la ufuta ni la aliyelima mwaka huu, lakini penye mikorosho ni pa aliyeipanda, na watoto wake baada yake. Ukishapanda mikorosho umekwisha kusema, hakuna wa kukuondoa. Ndiyo sababu Somoe aliruhusiwa kulima kila kitu isipokuwa hiyo.

Nilijifunza hayo yote nikiwa nimelala kitandani kwangu mchana mmoja wa jua kali, kuta zikifanya kazi yake. Mjomba alikuja, akakaribishwa mkeka, akala ugali wa watu mpaka nikasikia anakwangua sahani. "Mjomba," Somoe akasema, "niruhusu nipande mikorosho michache. Mpakani tu." "Ya nini? Lima ufuta." "Ufuta nitalima. Lakini ufuta ukivunwa umekwisha." "Ndiyo maana nakwambia lima ufuta," akasema mzee, akacheka mwenyewe, akaomba maji ya kunawa. Nilitamani kutoka nimmwagie hayo maji. Somoe alipoleta chai baadaye nikajifanya nilikuwa nimelala, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa ni heshima tu, siyo udanganyifu.

Hapo ndipo Bwana Luhende, mratibu wetu, alipoingia na gari lake. Alikuwa anatafuta shamba darasa, la kufundishia kikundi cha wakulima na kuonyeshea wageni. Mashamba ya wanakikundi wengine yote yalikuwa yameshapigwa na mnyauko msimu uliotangulia. Utadhani aliangalia udongo. Hata! Alilichagua la Somoe kwa sababu mbele yake gari liliweza kugeuza bila kurudi nyuma, na mgeni rasmi asingetembea. Mzee Chitanda, aliyekuwa akiona gari anainuka kama ameitwa, akapewa kiti mbele ya kikundi kizima, akaombwa idhini ya ukoo. Akaitoa kwa maneno marefu, na utamu wa kutazamwa ukampandisha kichwa. "Ntu asiseme nina roho mbaya," akasema. "Likisimama vizuri shamba hili mbele ya wageni, mpwa wangu apande nkorosho wake. Lisiposimama, nampa Rajabu." Watu wakapiga makofi. Rajabu akavua miwani, akaipuliza, akaivaa tena. Jioni Somoe alikuja mlangoni kwangu, macho yanang'aa. "Umesikia, dada? Kayasema mbele za watu. Mimi sitaki kingine. Huu ufuta usimame tu."

Usimame tu! Na ungesimama, maana ule udongo ulikuwa safi, haukuwa umeona mmea mgonjwa. Ilikuwa ni kupanda mbegu safi na kukaa mbali. Lakini mpango wa mradi ulisema robo ile ya mwaka ni ya mboji, na Bwana Luhende alikuja na karatasi zake kubwa na kalamu za rangi, akachora lundo la mboji lenye matabaka mazuri kama keki ya harusi. Akawaagiza wanakikundi walete mabua. Mabua gani walikuwa nayo mwezi ule wa kiangazi? Ya ufuta wao uliokufa kwa mnyauko, waliyokuwa wameyarundika wangoje kuyachoma kama miaka yote. Wakajitwisha vichwani, mtu na mzigo wake, kutoka kila shamba lenye ugonjwa katika kijiji kile, wakaja kuyatua kwenye shamba pekee lililokuwa zima. Walikuja wanaimba. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Nisije nikaonekana ninawasingizia wasomi peke yao. Ule msafara ulikuwa wa wakulima watu wazima, walioyaona maradhi yale yakimaliza mashamba yao wenyewe, na kilichowazuia kufikiri ni ahadi ya wali mchana.

Nikamwendea Bwana Luhende. "Bwana, haya mabua yametoka kwenye ufuta ulionyauka." "Kwa hiyo?" "Ukungu umo ndani. Ilikuwa yachomwe." Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Asteria, kuchoma tumeshatoka huko. Kuchoma ni mazoea. Kimsingi tunajenga udongo." Nikamwambia kama ni lazima iwe mboji, basi lundo limwagiwe maji, ligeuzwe, lichemke ndani mpaka mkono ushindwe kukaa, pengine litaua. "Maji yatoke wapi?" akasema, na kikundi kikacheka, na mwenyekiti wa kikundi, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kucheka wakubwa wanapofanya mzaha, akacheka kwa muda mrefu kuliko wote. Somoe alikuwa amesimama pembeni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kuna ubaya?" Nikamwambia upo, mkubwa. Akafikiri, akiwa ameng'ata ncha ya kanga. "Nikikataa, gari litakwenda shamba jingine, na maneno ya mjomba yatakwenda na gari." Hakuwa na pa kupita. Lundo likajengwa, Bwana Luhende akapigwa picha ameegemea koleo, na hakurudi kuliangalia mpaka mvua zilipoanza. Hakuna aliyeligeuza wala kulimwagia tone. Kuku walilichakura, mbuzi wakalilalia, likabaki mabua yaleyale, makavu, yamevunjikavunjika.

Mvua zikanyesha vizuri. Mwezi wa kwanza tukasambaza hiyo inayoitwa mboji kuanzia barabarani kuteremka, na kwa kuwa ilikuwa haitoshi ikaishia katikati, nusu ya chini ya shamba ikakosa. Tukapanda kwa kamba, mistari imenyooka. Ufuta ukaota wote kama nywele za mtoto. Kulikuwa na wiki kadhaa ambazo hata mimi nilijidanganya. Somoe alikuwa akitoka asubuhi kabla ya chai kwenda kuutazama, anarudi na umande miguuni, anasema umefika gotini, umefika kiunoni. Kisha maua yakaanza, na asubuhi moja alirudi akaniwekea mmea mezani, karibu na sahani ya ming'oko. Majani ya upande mmoja yalikuwa yamelegea. Nikachukua kisu cha jikoni nikalipasua shina, na mstari ulikuwemo. "Ndio wenyewe?" akauliza. Ndio wenyewe. Baada ya hapo nusu yote ya juu, ile iliyokula mboji, ikaanza kufa kwa mabaka, baka likikutana na baka. Na nusu ya chini, iliyokosa hiyo mboji ya wataalamu, ikasimama kijani kibichi imejaa maua meupe. Ungeweza kukanyaga mguu mmoja kwenye ufuta uliokufa na mwingine kwenye ufuta mzima. Darasa zuri kuliko hilo sijaliona tena. Bwana Luhende alipoletwa alitazama, akafuta shingo kwa leso, akasema ni jua. Kisha akasema wageni wanakuja Alhamisi.

Alhamisi hiyo naikumbuka kwa kila kitu chake. Asubuhi kikundi kizima kilikuwepo, akina mama wameshainjika sufuria za wali nyuma ya nyumba, harufu ya vitunguu imejaa uwanja, ngoma zinawambwa motoni. Bwana Luhende akasimama barabarani, akatazama sehemu iliyokufa, ambayo kwa bahati yake mbaya ndiyo iliyokuwa mbele ya macho ya mtu ashukapo kwenye gari. Akatoa amri: ufuta uliokufa ung'olewe, na ule mzima wa bondeni ukatwe, uletwe juu, uchomekwe ardhini kwenye mistari. Nilidhani nimesikia vibaya. Somoe akasema, "Lakini ule wa chini ni mzima, bwana." "Ndiyo maana tunautaka," akajibu. Watu wakateremka na mapanga. Ndiyo, waliteremka! Wakaukata ufuta wenye maua, wenye vitumba vinavyoanza kujaa, wakaupandisha kwa mikono miwili kama wanabeba watoto, wakatoboa ardhi kwa vijiti, wakauchomeka, wakaukanyagia udongo. Rajabu, ambaye nimeshasema habari zake na jembe, siku ile alikata kuliko wote. Somoe akamkimbilia mjomba wake. "Mjomba, waambie waache, wananimalizia." Mzee Chitanda, amevaa kanzu ya kupokelea wageni, akamwambia asiaibishe watu wa serikali. Nikamfuata Bwana Luhende. Nikamwambia, unaua ufuta mzima kuupamba uliokufa, huoni hata haya? Wala hakunigeukia. "Hasira zikiisha kachote maji," akasema, "huu unahitaji kumwagiwa." Somoe alikuwa amekaa chini kwenye tuta, mikono kichwani, na akina mama jikoni wakaacha kuimba.

Wageni walikuwa wafike asubuhi. Nani aliwahi kuona mgeni rasmi anafika asubuhi? Jua likapanda, likasimama juu ya vichwa, na ufuta ule wa kuchomeka ukaanza kuinama. Bwana Luhende akaamuru maji, yakamwagwa, ukainama zaidi. Ilipofika adhuhuri wote ulikuwa umelala shingo, mstari kwa mstari, shamba zima, juu matawi yaliyokatwa yananing'inia, chini visiki. Hakukuwa na mmea mmoja uliosimama. Wageni walifika alasiri, wameshakula mjini, magari yao yakageuza vizuri sana mahali pale palipochaguliwa. Mgeni rasmi akashuka, viatu vinang'aa, akatazama, akasema, "Mbona hivi?" Ngoma ikanyamaza. Nikamtazama Bwana Luhende, na nakiri nilikuwa na furaha chafu moyoni, nikasema leo amepatikana. Hakupatikana. Watu wa namna ile hawapatikani. Alimeza mate mara moja tu. "Mheshimiwa, kimsingi tumekusudia. Hili ni shamba la mfano wa ugonjwa. Tumeliacha liugue ili mkulima auone mnyauko kwa macho yake, aogope." Mgeni rasmi akatikisa kichwa polepole. "Na udongo wenyewe?" "Umekwisha kabisa, mheshimiwa. Huu ni udongo uliokufa." "Safi sana," akasema mgeni rasmi. "Mmeuonyesha vizuri." Wakapiga picha, wakala tena wali, wakaondoka kabla mvua haijawashika barabarani.

Na hadithi hiyo ndiyo iliyokua ikapata mvi pamoja naye. Pale ukumbini, baada ya hotuba, alinifuata na sahani yake ya pilau. "Asteria! Unalikumbuka shamba letu la mfano wa ugonjwa, Ruponda? Lile ndilo lililowafumbua watu macho." Alikuwa hanidanganyi mimi, maskini, alikuwa anaamini. Amesema uongo ule mahali pengi kiasi kwamba ukweli ukija leo na vyeti vyake atauuliza umetokea wapi. Nikamwambia ndiyo, nalikumbuka, nikainuka kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Ningeweza kumuumbua mbele ya wale wenye fulana. Lakini ningemuumbua kwa lipi, wakati siku ile ya wageni sote tulikuwa na midomo, na aliyezungumza ni yeye tu? Tena yako mambo asiyoyajua mpaka leo, na kutoyajua kwake kunanipa raha kuliko kumwaibisha.

Kwa sababu neno lake lilifanya kazi ambayo hakulituma. Jioni ileile ya wageni nilimsikia Rajabu uani akimwambia baba yake, "Mimi unipe shamba bovu? Ntaalamu kasema udongo umekufa! Nipande nini, mawe?" Alikuwa ameshaosha miguu yake kwa sabuni ya unga, asije akapata mnyauko mwilini, na kijiji kizima kikaanza kupita upande wa pili wa barabara kana kwamba shamba lile litawarukia. Asubuhi iliyofuata Somoe alikuwa anatwanga muhogo, anatwanga kwa nguvu kupita kiasi, hajalala. Akaniuliza bila kunitazama, "Dada, niambie kweli. Umekufa?" Nikamwambia haujafa. Nikamweleza kama ningemweleza mtu yeyote: choma kila kilichobaki, usipande ufuta, panda mtama, panda mahindi, msimu baada ya msimu, ukungu utapungua, na siku moja ukiujaribu kwa mbegu safi utavuna. "Na mkorosho?" Nikasema ugonjwa huu ni wa ufuta, mkorosho hauuhusu. Mchi ukasimama juu. Akaushusha taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuchungulia nje ya uzio, akarudi. "Hayo umemwambia nani mwingine?" "Sijamwambia mtu." "Basi usimwambie," akasema, akanishika mkono kwa vidole vyenye unga. "Dada Asteria, nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Siku chache baadaye Mzee Chitanda akatuita shambani. Alikuja na wazee wawili wa ukoo na Rajabu, na alikuwa na wasiwasi, maana mzee yule hakuwa mjinga pale palipohusu kunyang'anya. Aliokota bonge la udongo, akalivunja, akalinusa, akaliona jeusi na zuri kama zamani. Akanigeukia. "Binti, wewe ndiye unayekaa hapa, yule wa gari keshakwenda zake. Sema kweli mbele ya hawa. Udongo huu hautapona?" Kazi yangu yote, cheti changu, mshahara wangu, ilikuwa ni kujibu swali hilo moja. Tangu nifike Ruponda nilikuwa nikisubiri mtu aniulize, na nilikuwa na jibu refu, sahihi, lenye mtama na mahindi ndani yake. Rajabu alikuwa anachezea redio. Somoe alisimama nyuma ya mjomba wake, ametazama chini, na niliona kidole gumba cha mguu wake kinachimba ardhi.

"Hautapona, mzee," nikasema. "Hata wajukuu zako hawatavuna ufuta hapa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Yule bwana alisema kweli."

Rajabu akatema mate pembeni, akaanza kuondoka. Mzee Chitanda akakung'uta mikono yake, akasafisha koo ili wale wazee wamsikie vizuri, na sura yake ikajaa ukarimu. "Haya, mpwa wangu," akasema. "Usije ukasema mjomba alikunyima. Shamba lako hilo. Panda nkorosho, panda unachotaka, sitaki kuliona tena." Somoe akapiga magoti kwenye udongo ule, machozi yanamtoka, akaishika mikono ya mjomba wake kwa mikono yake miwili. "Asante, mjomba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa maiti akazike.